Miwani Kwanza, Mtungi Baadaye

Binti aanzaye kujifunza kuzamia Watamu au Diani asikimbilie kununua mtungi wa hewa na kifaa cha kupumulia. Hivyo ni ghali, vyahitaji ukaguzi wa fundi, na vituo vya mafunzo huvikodisha. Anunue kwanza miwani ya kuzamia, ifunikayo macho na pua, kwani nyuso hazilingani. Aiweke usoni bila kuvaa ukanda, avute pumzi kwa pua. Ikinata isidondoke, yamfaa. Ukingo wake usikalie nywele wala hijabu, maji yatapenya. Na maji yakimwingia puani huko chini, mwanafunzi hushikwa na hofu. Kisha atafute vazi la mwili mzima: humsitiri, humkinga na baridi na matumbawe. Mtungi na ungoje.