Tembe za 'kiasili' si badala ya dawa ya kolesteroli

WAGONJWA wengi wanaopatikana na kiwango cha juu cha kolesteroli, yaani lehemu, hutoka kwa daktari wakiwa na cheti cha dawa mkononi na shaka moyoni. Hawahisi maumivu yoyote. Jirani au muuza virutubishi akiwaambia kuwa kitunguu saumu, mdalasini au mafuta ya samaki yatawafaa bila madhara, ni rahisi kushawishika na kuweka dawa kando.

Hapo ndipo penye hatari. Kolesteroli hujikusanya katika kuta za mishipa ya damu kwa miaka mingi pasipo dalili, na mara nyingi ishara ya kwanza huwa ni mshtuko wa moyo au kiharusi.

Dawa zinazotumiwa zaidi huitwa statini. Sehemu kubwa ya kolesteroli haitokani na chakula bali huundwa na mwili wenyewe, na ini ni mojawapo ya viwanda vyake vikuu. Statini huzuia kimeng'enya kinachohitajika katika kazi hiyo. Ini likipungukiwa, huvuta kolesteroli iliyomo katika damu, na kiwango cha ile mbaya, iitwayo LDL, hushuka.

Anayezidhania kuwa kemikali tupu za maabara atashangaa kusikia asili yake. Statini ya kwanza iligunduliwa ndani ya kuvu mnamo 1973 na mwanasayansi Mjapani, Akira Endo, aliyefariki 2024. Lovastatini, ambayo pia ilitokana na kuvu, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1987. Kisha mnamo 1994, utafiti uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444 katika mataifa ya Skandinavia ulionyesha kuwa simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika muda wa takriban miaka mitano.

Virutubishi havina ushahidi wa aina hiyo. Katika utafiti uliotangazwa Marekani mwaka wa 2022, watu 190 walipewa ama statini ya kiwango cha chini, ama tembe zisizo na dawa, ama kimojawapo cha virutubishi sita, vikiwemo saumu, mdalasini, manjano na mafuta ya samaki. Baada ya siku 28, LDL ya waliotumia statini ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 38. Hakuna kirutubishi kilichoshinda tembe tupu. Ni kweli kwamba utafiti huo uligharamiwa na kampuni inayotengeneza dawa iliyojaribiwa. Lakini uchunguzi wa 2007 uliogharamiwa na serikali ya Marekani ulikuwa umefikia uamuzi sawa kuhusu saumu, iwe mbichi au ya tembe, baada ya miezi sita.

Kirutubishi cha kustaajabisha zaidi ni mchele mwekundu uliochachushwa kwa kuvu. Baadhi ya tembe zake hupunguza kolesteroli, kwa sababu zina kiini ambacho ni lovastatini yenyewe! Anayeikimbia statini kwa kuuchagua mchele huo huwa anameza statini ile ile, ila bila kipimo cha kuaminika: tembe moja huweza kuwa nacho kwa wingi na nyingine ikakikosa kabisa. Baadhi zimepatikana na sitrinini, sumu inayodhuru figo.

Si kwamba statini hazina kasoro. Huweza kuleta maumivu ya misuli, na kwa kawaida mja mzito hushauriwa kuziacha. Simvastatini haipatani na balungi, wala na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, jambo ambalo muuza virutubishi hatauliza. Mchele mwekundu nao hubeba hatari hizo hizo.

Anayesumbuliwa na dawa anaweza kupunguziwa kipimo, kubadilishiwa statini au kupewa ezetimibe, ambayo huzuia kolesteroli kufyonzwa matumboni. Anayetumia virutubishi tayari anafaa kwenda kwa daktari na mkebe wenyewe, ili yaliyoandikwa juu yake yasomwe kabla ya cheti kuandikwa.