Enaji haiongezi nguvu, inaficha uchovu

Barabara ya kutoka Kigoma mjini kwenda Nyakanazi hupanda nyanda za juu za Buha na kupita Kasulu na Kibondo. Kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Sasa sehemu kubwa ina lami, na lami imekuja na malori ya usiku, mabasi ya alfajiri na bodaboda wanaosubiri abiria saa zote. Maduka ya kando ya njia nayo yamejaa chupa ndogo za plastiki za vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo wanywaji wenyewe huviita enaji tu.

Dereva hunywa ili asisinzie. Kijana wa bodaboda hunywa apate tripu mbili zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hunywa akeshe na madaftari mtihani wa taifa ukikaribia, na kibarua hunywa badala ya chakula cha mchana. Kila mmoja anaamini amenunua nguvu. Alichonunua hasa ni maji, sukari, kafeini, asidi ya kuleta ladha kali, vitamini za kundi B na, mara nyingi, taurini. Katika orodha hiyo yote, kinachoupa mwili nishati ni sukari. Kafeini, ambayo ndiyo inayomfanya mnywaji ajisikie amechangamka, haina nishati yoyote.

Inavyofanya kazi kichwani

Tangu mtu anapoamka, ubongo wake hukusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyozidi, na inapojishika kwenye vipokezi vyake katika seli za ubongo, mtu huanza kupiga miayo, macho huwa mazito na fikra hupungua kasi. Hiyo ndiyo taarifa ya mwili kwamba muda wa kupumzika umefika.

Umbo la kafeini linafanana na la adenosini kiasi cha kuweza kuingia katika vipokezi vilevile na kuvikalia bila kuviamsha. Adenosini inabaki nje, na taarifa ya uchovu haifiki. Ni kama dereva wa pikipiki aliyebandika karatasi juu ya mshale wa mafuta: haoni tena kuwa tenki linakauka, lakini hakuna tone lililoongezeka. Kafeini inapokwisha mwilini, adenosini iliyokuwa ikirundikana wakati wote huo huingia kwa mkupuo. Ndiyo maana wengi huhisi wameishiwa ghafla, na mkono hunyooka kuelekea chupa nyingine.

Vitamini B zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa humsaidia yule mwenye upungufu wake. Kwa asiyepungukiwa, nyingi hutoka kwenye mkojo, na B2 ikizidi huupa mkojo rangi ya njano kali.

Si mgeni milimani

Kafeini yenyewe inafahamika sana ukanda huu. Kahawa ya arabika hulimwa Kalinzi, Matyazo na Manyovu, na kwa majirani wa Kagera, Wahaya wametafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa kwa vizazi vingi. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kafeini kutoka kwenye buni mwaka 1819. Enaji ya kisasa ina asili yake Asia: mwaka 1976 Thailand ilianza kuuza Krating Daeng, kinywaji kilichopendwa na madereva wa malori na vibarua. Mfanyabiashara wa Austria, Dietrich Mateschitz, alikionja huko, na mwaka 1987 Red Bull ikaingia sokoni nchini kwake. Afrika Mashariki tuliifahamu kwanza kwa makopo ya bei ghali. Viwanda vya nyumbani vilipoanza kujaza chupa za plastiki, bei ikashuka hadi kufika vijijini.

Kikombe cha kahawa huwa na miligramu 80 hadi 100 za kafeini, na kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80. Kwa nini basi kahawa isilalamikiwe? Kwanza, watu wazima wanaokunywa kahawa kwa kiasi wameonekana katika tafiti nyingi kupatwa mara chache zaidi na kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya ini. Pili, kahawa ni chungu na ya moto, mtu huinywa taratibu na mtoto huikataa. Enaji ni tamu na baridi. Hunywewa kwa mafunda matatu, ikafuatwa na nyingine, na mtoto wa darasa la nne huipenda kama soda.

Piga hesabu ya chupa

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba kwa mtu mzima mwenye afya, kafeini isiyozidi miligramu 400 kwa siku haileti wasiwasi, na kwa mkupuo mmoja isizidi 200. Kwa mjamzito kikomo ni 200 kwa siku. Kwa watoto na vijana kipimo kilichopendekezwa ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili.

Soma kibandiko. Tuseme kimeandikwa miligramu 30 kwa kila mililita 100, na chupa ina mililita 300. Hiyo ni miligramu 90. Chupa tatu kwa siku ni 270. Jioni kichwa kinagonga, na mnywaji anameza vidonge viwili vya Panadol Extra. Kila kimoja kina miligramu 65 za kafeini, kwa hiyo ameongeza 130. Jumla imefika 400, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi, ambayo kikombe chake huwa na miligramu 40 au zaidi. Kwa mtoto wa kilo 30, chupa moja tu tayari imemaliza kipimo cha siku nzima.

Maumivu hayo ya kichwa nayo yana sababu. Aliyezoea kafeini akiikosa kwa saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa, kusinzia na kuwa na hasira za haraka, na hali hiyo huweza kuchukua siku mbili hadi tisa. Anayetibu maumivu hayo kwa kidonge chenye kafeini ametuliza kiu ya kafeini, na kesho itarudi.

Sukari ina hesabu yake. Kinywaji chenye gramu 11 katika kila mililita 100 kitakupa gramu 33 kwa chupa, na karibu gramu 100 kwa chupa tatu, sawa na vijiko vya chai 25. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki 25. Sukari hiyo pamoja na asidi ndiyo inayomomonyoa meno ya vijana wengi.

Moyo na presha

Kafeini huongeza adrenalini. Mapigo ya moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Kwa wengi hali hiyo hupita. Hatari iko kwa mwenye tatizo la moyo asilolijua au presha ambayo haijawahi kupimwa, na watu hao si wachache: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwapa watu 18 wenye afya njema enaji yenye miligramu 320 za kafeini, kisha siku nyingine wakawapa kinywaji chenye kafeini kiasi hichohicho bila viungo vingine vya enaji. Saa mbili baada ya enaji, vipimo vya umeme wa moyo vilionyesha moyo unachelewa zaidi kujipanga kwa pigo linalofuata, na saa sita baadaye presha ilikuwa bado juu kuliko ya siku ya kafeini peke yake. Kwa hiyo mchanganyiko wa chupa una athari zake, na mwenye kuhisi moyo unarukaruka, kifua kubana au kizunguzungu baada ya kunywa aende hospitali badala ya kusubiri kupoe.

Usiku unaoibwa

Kwa wastani mwili huchukua saa tano kupunguza nusu ya kafeini. Aliyekunywa miligramu 90 saa kumi jioni, saa tatu usiku bado ana kama 45, sawa na aliyepanda kitandani na kikombe cha chai ya rangi. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Mwanafunzi ndiye anayepoteza zaidi hapo, kwa kuwa ni katika usingizi ubongo huhifadhi kilichosomwa mchana.

Kwa dereva, bei ni kubwa zaidi. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akawa bado barabarani saa nne usiku amekaa macho saa 17. Majaribio yameonyesha kuwa wakati huo wepesi wake wa kuitikia jambo ni sawa na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu. Watafiti wa Loughborough, Uingereza, waligundua miaka ya 1990 njia iliyo bora kuliko chupa peke yake: simama mahali salama, kunywa kahawa ya vikombe viwili, kisha lala papo hapo kwa dakika 15. Kafeini huanza kushika vizuri baada ya kama nusu saa, kwa hiyo unaamka wakati inaingia, huku usingizi kidogo ukiwa umepunguza adenosini kwelikweli.

Pombe, dawa na mzigo wa mpakani

Kuchanganya enaji na pombe kali ni desturi iliyoenea katika baa. Kafeini haiondoi pombe mwilini. Humwondolea mlevi dalili za kulewa tu, akajiona mzima wa kushika usukani.

Ciprofloxacin, antibayotiki inayotumika sana, hupunguza kasi ya mwili kuondoa kafeini, hivyo kafeini ya chupa ya kawaida hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mjamzito naye huiondoa polepole, nusu yake ikichukua hata saa 15 mimba ikiwa kubwa, na hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto ambaye hana uwezo wa kuivunja. Mwenye kuhara apewe ORS: sukari nyingi ya enaji huweza kuvuta maji zaidi tumboni.

Kwa wanaonunua katika masoko ya mpakani kama Mabamba na Manyovu, ambako bidhaa hupita pande zote mbili, tukio la Uganda ni somo. Mwaka 2018 mnywaji mmoja alilalamika kutokwa jasho na uume kusimama kwa saa nyingi. Mamlaka ya dawa ya huko ikapima enaji iliyotengenezwa Zambia, ikakuta sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, ambayo huweza kumshusha presha vibaya mwenye kutumia baadhi ya dawa za moyo. Tazama nembo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viungo. Chupa isiyosema ina kafeini kiasi gani iache dukani.

Nani azuie

Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia enaji walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016 na Poland mwaka 2024. Kasulu na Kibondo hazihitaji kusubiri mfano wa mbali ili mwenye duka karibu na shule aamue amuuzie nani, au mzazi aache kuweka chupa hiyo kwenye mkoba wa mtoto.

Mtu mzima mwenye afya anayekunywa moja mchana, mara mojamoja, hana sababu ya kuogopa. Anayehitaji mbili kila siku ili aimalize kazi yake anapaswa kujiuliza analala saa ngapi, amekula nini na lini alipima presha. Akiamua kupunguza, apunguze kidogokidogo kwa wiki moja au mbili ili kichwa kisimsumbue, na pesa ya chupa ya pili ainunulie maharage na ndizi, vitu ambavyo udongo wa Buha huvitoa kwa wingi na ambavyo mwili huvigeuza kuwa nguvu kweli.