Faiba Si Bando Pekee: Ufundi Uliolala Mikononi mwa Vijana wa Kitale na Bungoma

Pita Kitale au Bungoma siku hizi utawaona vijana wamepanda nguzo kuvuta nyaya, na wengine wameketi kando ya barabara na kimashine kidogo mbele yao, wakiunganisha nyuzi za faiba. Mawasiliano hayo ya ng'ambo huingia nchini kupitia kwetu Mombasa, zilikotua kebo za baharini za SEACOM na TEAMS mwaka 2009. Kutoka hapa hadi Bungoma ni takriban kilomita 900, na mwanga ndani ya uzi huo huzimaliza kwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Sisi tukisikia faiba, mawazo huenda kwenye bando na bei yake. Lakini kwa nyuzi hizo hizo wanasayansi hutengeneza kifaa cha thamani kubwa: leza yenye mapigo ya haraka mno.

Leza nyingi hutoa mwanga mfululizo, kama mfereji uliofunguliwa. Hii hutoa mwanga kwa mapigo mafupi, kila moja likidumu femtosekunde mia kadhaa au hata chache zaidi. Gawanya sekunde moja mara bilioni, kisha kila kipande ukigawanye tena mara milioni. Hiyo ndiyo femtosekunde. Katika femtosekunde 100 mwanga husogea umbali mdogo kuliko unene wa unywele.

Faida yake ni kwamba joto halipati muda wa kusambaa. Kwa hiyo leza za aina hii hukata vioo vyembamba vya simu bila kuvipasua, na madaktari huzitumia kupasua kioo cha mbele cha jicho bila kuunguza pembeni.

Mapigo hayo hupatikanaje? Chukua uzi wa faiba uliotiwa chembe za madini ya erbiamu, uufunge uwe duara. Erbiamu ikilishwa nguvu na leza ndogo, huukuza mwanga unaopita. Ni erbiamu hiyo hiyo inayoupa mwanga nguvu mpya katika kebo ndefu za mawasiliano. Kisha ndani ya duara huwekwa kifyonzi kinachoshiba.

Fikiria lango la uwanja wa mpira lenye walinzi kumi, na kila mlinzi anaweza kumshika mtu mmoja tu. Watu wakija mmoja mmoja, wote hushikwa. Wakija mia kwa pamoja, kumi hushikwa, mikono ya walinzi ikajaa, na tisini wakapita. Kifyonzi hufanya hivyo: mwanga dhaifu humezwa, wenye nguvu hupita, kisha mara moja kinakuwa tayari kwa mzunguko mwingine. Mwanga ukizunguka hivyo mara nyingi, vilivyotawanyika hufifia na hubaki pigo moja fupi lenye nguvu.

Zamani kazi hii ilitegemea sana vioo maalumu vya kutoka viwanda vya gharama kubwa. Miaka ya 2000 watafiti walianza kutumia mirija midogo mno ya kaboni, na mwaka 2009 wakatumia grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliipata mwaka 2004 kwa kubandua grafiti kwa utepe wa gundi, wakatunukiwa Nobel mwaka 2010. Grafiti ndiyo iliyomo kwenye penseli ya mtoto wako, na jirani zetu Watanzania wanayo ardhini kule Mahenge. Tabaka moja la grafini hufyonza asilimia 2.3 tu ya mwanga, lakini hushiba na kurudi hali yake haraka ajabu. Udhaifu wake ni kuharibika mwanga ukizidi nguvu, ndiyo maana utafiti bado unaendelea.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Bungoma. Kuunganisha nyuzi bila kupoteza mwanga, kazi anayolipwa kama kibarua, ndio ufundi wa mikono unaohitajika kuunda leza hii. Anachokosa ni fizikia, maabara na vipimo. Kitale National Polytechnic iko pale, Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, nasi tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Vyuo hivi vikimpokea fundi kwa ujuzi alio nao na kumwongezea elimu ya mwanga, atatoka mtu wa kutengeneza na kukarabati vifaa vya hospitali na viwanda. Tukimwacha, siku kazi ya kuvuta nyaya itakapokwisha naye atakuwa amekwisha.

Na nyinyi mafundi, mwanga wa faiba hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Msichungulie ncha ya uzi kamwe, hata mkiambiwa umezimwa. Pimeni kwa kifaa.