Mteja alikunywa kwako, akagonga mtu barabarani: nani atalipa?

Ni siku ya posho, saa nne za usiku, kwenye nganda moja ya kartye. Inaweza kuwa Bukavu, Butembo ao Bunia, haibadilishi kitu. Kijana mmoja amekaa pale tangu saa kumi na moja. Amemaliza chupa ya saba, hawezi tena kuhesabu makuta yake mwenyewe, na mtumishi anamletea ya nane. Halafu anapanda moto yake. Mita mia tatu mbele anagonga mama anayetoka kwenye matanga, anamvunja mguu. Kijana hana kitu. Moto haina bima. Familia ya mama inabaki na swali moja: alikunywa kwa nani?

Kesho yake asubuhi watu kumi na tano wako mbele ya mlango wa nganda.

Huo ni mfano tu, lakini wenye bar wanajua jibu ambalo hutoka kinywani wakati kama huo: "Miye nilimuuzia tu pombe, sikumpatia moto." Jibu hilo lina uzito wake. Ila mbele ya tribinali halitoshi kila mara, na anayelitegemea peke yake anaweza kuuza friji na viti ili alipe hopitali. Iko bima kwa ajili ya jambo kama hilo. Inaitwa bima ya kulipa hasara za watu wengine. Kwenye makaratasi utaona herufi mbili, RC, yaani "responsabilité civile". Wenye hoteli kubwa wanaifahamu. Wenye nganda na buvette, wengi hawajapata kuelezwa vizuri inalipa nini na inakataa nini.

Sheria inasema nini

Mtu akitafuta sheria ya Kongo ya kumhukumu mwenye bar katika mfano huu, atatumwa kwenye sheria ya wote: Kanuni ya Raia, Kitabu cha tatu, ambayo inatoka kwenye dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Ni ya zamani sana, lakini ndiyo inatumika.

Vipengele vitatu vinatosha. Cha 258 kinasema kwamba mtu anayeletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima arekebishe hasara hiyo. Cha 259 kinaongeza kwamba hata kama hukufanya kwa kusudi, uzembe ao kukosa uangalifu kunatosha. Cha 260 ndicho kinapaswa kuwashtua wenye bar: mtu anajibu pia kwa ajili ya watu walio chini yake, na kwa ajili ya vitu anavyovichunga. Mtumishi akimwagia mteja mafuta ya moto, mlinzi wa mlango akimpiga mtu mpaka kumtoa jino, bosi ndiye atatafutwa, hata kama yeye alikuwa nyumbani amelala. Terasi ikivunjika na watu juu yake, waya wa jenereta ukipiga mtoto umeme, ni vilevile.

Sasa, tukirudi kwa yule kijana wa moto. Ili familia ya mama ishinde mwenye nganda, avoka wao lazima aonyeshe vitu vitatu: kosa la mwenye nganda, hasara ya mama, na kwamba kosa lile ndilo lilileta hasara ile. Hasara inaonekana kwa macho. Ngumu ni vingine viwili. Kuuza bia kwa mtu mzima si kosa. Lakini kumwekea chupa nyingine mtu asiyeweza kusimama, na ufunguo wa moto uko mezani mbele yako, hapo avoka ana kitu cha kushika. Mwenye nganda atajibu kwamba aliyeendesha ni mwingine, na mwamuzi anaweza kugawanya mzigo: sehemu kubwa kwa kijana, sehemu kwa aliyemnywesha. Kijana akiwa hana hata franka moja, ile sehemu ndogo ndiyo familia itaikimbilia kwanza.

Kwa mtoto mambo ni makali zaidi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inahesabu kuwa mtoto kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Mwenye bar aliyempatia pombe mwanafunzi wa miaka 16, halafu mwanafunzi akaanguka ziwani, atapata shida sana kueleza uangalifu wake ulikuwa wapi.

Kuna inchi ambako hawaachi jambo hili kwa sheria ya wote. Marekani, majimbo mengi yana sheria ya pekee inayomruhusu aliyeumizwa na mlevi kumshtaki aliyeuza pombe, hasa kama mteja alikuwa amelewa waziwazi ao hakufikisha umri. Katika jimbo la Iowa, ambako Wakongomani wengi wamehamia na kukaa kwenye miji kama Des Moines na Cedar Rapids, mtu hapewi ruhusa ya kuuza pombe ya kunywea palepale bila kuonyesha bima ya jambo hilo. Ndugu anayetaka kufungua bar kule kwa kufuata mazoea ya Uvira atakwama kabla hajauza chupa ya kwanza. Na kule kuna mtego mwingine: bima ya kawaida ya biashara mara nyingi inaondoa kabisa hasara zinazotokana na pombe kwa mtu ambaye kazi yake ni kuiuza. Inabidi anunue kontra ya pili, ya pombe peke yake. Inafaa kulijua hata kwa aliye huku, kwa sababu mstari kama huo unaweza kuwa ndani ya kontra yako, kwa herufi ndogo, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyekusomea.

Bima hiyo inalipa nini

Kwanza tuondoe michanganyiko. Bima ya gari ao moto ni ya lazima katika Kongo tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, lakini inafuata chombo, haifuati bar. Mwenye depo ya pombe aliye na karatasi ya bima kwenye kioo cha kamyoneti yake hajakingwa kwa chochote kinachotokea ndani ya depo. Kodi ya soko, patente, karatasi za komini, hakuna hata moja kati ya hizo iliyo bima. Na kasha za bia zikiibiwa ao nyumba ikiungua, hiyo ni bima ya wizi ao ya moto wa nyumba. RC haikulipi wewe. Inamlipa yule uliyemletea hasara.

Kontra ya RC ya biashara, ile wanayoita "RC exploitation", kwa kawaida inaingia pale mteja anapoteleza kwenye ngazi, dari inapomwangukia, chupa inapolipuka mkononi, mtumishi anapofanya kosa katika kazi. Inaweza kulipa matunzo ya hopitali, kazi ambayo mgonjwa alikosa kufanya, na mara nyingi pesa za avoka. Sumu ya chakula ao ya kinywaji mara nyingi iko kwenye sehemu nyingine, inayohusu bidhaa, na lazima uulize kama imeandikwa. Anayeuza kanyanga ya kidumu, isiyo na jina wala alama ya aliyeitengeneza, asitegemee sana: kampuni itauliza ilitoka wapi, na jibu hakuna.

Kila kontra ina namba mbili za kuangalia kabla ya kutia sahihi. Ya kwanza ni kikomo, yaani kiasi cha mwisho ambacho kampuni italipa. Ya pili ni franshizi, sehemu inayobaki kwa mwenye bar mwenyewe. Tuseme kikomo ni dola 10 000 na franshizi ni dola 200. Hasara ya mteja ni dola 3 000: kampuni inalipa 2 800, wewe 200. Hasara ikiwa dola 15 000, zile zinazopita kikomo zinarudi kwako. Kontra ya bei ya chini sana mara nyingi imeficha bei yake katika namba hizo mbili.

Halafu yale ambayo bima haigusi. Jambo lililofanywa kwa kusudi na mwenye bar mwenyewe halilipwi. Faini ya tribinali ya makosa hailipwi na bima yoyote, na kifungo unakitumikia wewe. Kampuni inaweza kulipa tu zile pesa za kumrekebishia aliyeumia. Mtumishi wako akikatwa na chupa akiwa kazini, hiyo ni hesabu ya CNSS, mradi umemwandikisha, na huku kwetu watumishi wa bar walioandikishwa wanaweza kuhesabiwa kwa vidole. Vita, mapigano na fujo za watu kwa kawaida vimeondolewa. Kwa majimbo yetu hicho si kipengele cha kuruka: anayenunua bima akifikiri inamkinga na risasi inayoanguka kwenye terasi anajidanganya, isipokuwa amenunua ongezeko la pekee na limeandikwa wazi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza agenti, na kudai jibu kwenye karatasi, ni hili: mteja aliyelewa kwangu akitoka na kuumiza mtu nje ya kiwanja changu, kontra hii inaingia ao haiingii? Kontra nyingi zinazungumzia yanayotokea ndani. Ya nje ndiyo yanaleta watu kumi na tano mlangoni. Agenti akijibu "hakuna tatizo" kwa kinywa tu, tatizo liko.

Desturi yetu na kontra havisikilizani

Hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao bila kujua. Kwetu, mtu akiumia kwako, unafika hopitalini, unatoa kitu, unaomba pole. Wazee wa kartye wanakaa, mnaandikiana karatasi: mwenye bar atalipa kiasi fulani, na mambo yaishe. Ni desturi nzuri, inazuia damu. Lakini kontra za bima huwa na sharti kwamba ukikubali kosa ao ukipatana na familia bila kampuni kujua, mapatano hayo hayaifungi kampuni. Umetia sahihi ya dola 2 000 mbele ya shefu wa kartye? Kampuni inaweza kusema: deni ni lako.

Haimaanishi kwamba usiende hopitalini. Kumpeleka mgonjwa na kumsaidia ni ubinadamu, na kueleza jambo lilivyotokea, saa ngapi na mbele ya nani, si kukubali kosa. Kinachokuponza ni kuandika "ninakubali kosa" ao "nitalipa yote". Familia ikikaza, mwambie mkubwa wao kwa heshima kwamba iko bima na kwamba lazima waijulishe kwanza. Tena haraka: kontra huweka siku chache za kutoa taarifa, mara nyingi 5. Picha, majina ya mashahidi, karatasi ya polisi, hati za hopitali, vyote vikusanywe siku ileile, kabla watu hawajaanza kusahau.

Aliyeumia naye ajue haki yake. Kama mwenye bar ana bima, pesa ya bima ni ya aliyeumia. Na kesi ikiwa tayari kwenye tribinali ya makosa, anaweza kudai pesa zake palepale mbele ya mwamuzi yuleyule, bila kufungua kesi ya pili.

Kununua wapi

Tangu miaka ya 1960, kusema bima katika Kongo kulikuwa kusema SONAS. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza hali hiyo ya kampuni moja, na tangu 2019 makampuni ya watu binafsi yalianza kupewa ruhusa. Anayezitoa na kuzichunga ni ARCA. Kabla ya kumpa mtu makuta, omba kuona kwamba kampuni yake iko kwenye orodha ya ARCA, na usilipe bila risiti yenye jina la kampuni, si jina la kijana aliyekuja na begi.

Kwa nganda ya meza nne, bei inaweza kuwa kubwa kuliko faida. Wanaokaa tayari pamoja katika AVEC ao katika chama cha wauza pombe wanaweza kuomba kontra moja ya kundi. Si kila kampuni itakubali, lakini kuuliza hakulipishwi. Sanduku la kusaidiana la chama linafaa kwa mguu uliovunjika. Kwa mtu aliyekufa na kuacha watoto watano, sanduku linaisha siku ya matanga.

Na angalia tarehe. Kontra ina siku ya kuanza na siku ya mwisho, na kwa kawaida haianzi kabla hujalipa. Mwenye bar ambaye kontra yake iliisha siku ya tano, akangoja juma lingine ili apate pesa za kulipa tena, ile siku ya posho ya katikati alifanya kazi bila bima.