Kutoka Buli hadi London: vitu vya wazee wa Tanganyika vinavyouzwa kwa mnada

Mwaka 1979, mjini London, nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza kiti kimoja cha mbao kwa zaidi ya pauni 200,000. Kiti chenyewe si kikubwa. Urefu wake ni sentimeta 61, mtoto wa shule anaweza kukibeba. Leo kiko New York, kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, na wageni wanaokitazama kule ni wengi kuliko wakaaji wote wa Kalemie waliowahi kusikia habari zake.

Kiti hicho kilichongwa na fundi wa nchi ya Waluba, upande wa Lualaba. Kinaonyesha mwanamke anayebeba sehemu ya kukalia kwa kichwa na kwa ncha za vidole. Uso wake ni mrefu, mashavu yameingia ndani, macho yamefumba nusu kama ya mtu aliyechoka lakini hataki kuonyesha. Kazi za namna hiyo zinazojulikana duniani ni kama ishirini hivi, na nyingi ziko Ulaya na Marekani. Makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yana mojawapo ya zile nzuri zaidi: mwanamke aliyekaa chini ameshika bakuli.

Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walimwita fundi huyo "Bwana wa Buli", kwa sababu baadhi ya kazi zake zilisemekana kutoka kijiji cha Buli. Mbelgiji Frans Olbrechts ndiye aliyeona, kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwamba sanamu hizo zilifanana kiasi cha kutoka katika mkono mmoja. Jina la mtu lilikuja kujulikana baadaye sana: Ngongo ya Chintu. Hata hivyo katika vitabu vingi vya mnada bado anaitwa kwa jina la kijiji. Mchoraji wa Ulaya hawezi kuuzwa hivyo, maana picha yake ikikosa jina lake hupoteza sehemu kubwa ya bei.

Kwa Waluba wenyewe, kiti cha namna hiyo hakikuwa cha kukalia kila siku. Kilihusu utawala. Sultani alipotawazwa, alikalishwa juu yake, na hapo ndipo neno lake likawa neno la sultani. Baada ya hapo kiliviringwa kitambaa cheupe na kuwekwa chini ya ulinzi, mara nyingi katika kijiji kingine, kisionekane ovyo. Mwanamke aliyechongwa chini yake alikuwa na maana: Waluba waliamini kwamba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kubeba roho ya mfalme. Kitu kilichofichwa vile sasa kinawekwa chini ya taa, kinapigwa picha pande zote, na kutolewa kwenye kitabu cha rangi ili kila mwenye pesa akione.

Mnada unafanyika namna gani? Nyumba ya mnada hupokea kitu kutoka kwa mwenye nacho na kukipima. Kisha huandika makadirio ya bei na kutoa kitabu wiki kadhaa kabla ya siku ya kuuza. Siku yenyewe wanunuzi huinua mkono, hupiga simu au hubofya kwenye kompyuta, na bei hupanda mpaka abaki mmoja. Nyundo ikigonga, basi. Mnunuzi huongeza malipo ya nyumba ya mnada juu ya bei ile, na malipo hayo si madogo.

Kinachopandisha bei si uzuri peke yake. Wanunuzi wakubwa hutazama kwanza historia ya umiliki: nani alikitoa Afrika, mwaka gani, nani alikirithi, kiliwahi kuonyeshwa wapi, kiliandikwa katika kitabu gani. Kitu kinachokuja na barua ya ofisa wa kikoloni au na picha ya zamani ya sebule ya Brussels kinaweza kupita mara nyingi bei ya kitu kingine kinachofanana nacho lakini hakina karatasi. Sababu moja ni hofu ya kununua kazi bandia, na hofu hiyo ina msingi, kwani kuna mafundi wanaojua kuzeesha mbao kwa moshi, mafuta na udongo. Sababu nyingine ni sheria. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unakataza biashara haramu ya mali ya utamaduni, na Kongo yenyewe ina sheria ya ulinzi wa mali hiyo tangu tarehe 15 Machi 1971. Kwa hiyo muuzaji hujitahidi kuonyesha kwamba kitu chake kilikuwa kimeshavuka mpaka kabla ya miaka hiyo.

Hapo pana jambo la kuchekesha, kama lisingekuwa la uchungu. Historia ya umiliki huanza pale kitu kilipotoka mikononi mwa mwenyewe. Jina la ofisa limo, jina la mjane wake limo, jina la mfanyabiashara wa Sablon, mtaa wa vitu vya kale mjini Brussels, limo pia. Ukoo uliokitunza kwa vizazi vitatu haumo.

Hasara ya namna hiyo haiwapati Waafrika peke yao. Mwaka 2021, huko kusini mwa Ufaransa, mume na mke wazee walimwuzia mchuuzi wa vitu vikuukuu kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Babu wa mume alikuwa gavana wa kikoloni. Machi 2022 kinyago hicho kiliuzwa kwa mnada mjini Montpellier kwa euro milioni 4.2, bila kuhesabu malipo ya ziada. Wazee walikwenda mahakamani, na serikali ya Gabon nayo ikaomba kinyago kirudishwe. Desemba 2023 mahakama ya Alès ilikataa maombi yote mawili. Ikiwa wazee wenye mwanasheria, tena katika nchi yao, walishindwa, mtu wa Kabalo au Nyunzu aliyeuza sanamu ya babu kwa komisionere anaweza kukisia nafasi yake.

Lakini hadithi nzito zaidi ya jimbo hili haikupita mnadani hata kidogo. Ilianzia Mpala, kusini mwa Kalemie, kando ya ziwa, katika eneo la Moba. Luteni Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo hapo mwaka 1883, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Lusinga, sultani wa Watabwa aliyekuwa tajiri kwa biashara ya pembe na watumwa. Desemba 1884 watu wa Storms walifika kwa Lusinga kama wageni, wakamwua, wakamkata kichwa na kuchoma vijiji. Wengi walikufa siku hiyo.

Storms aliporudi Ubelgiji mwaka uliofuata alibeba fuvu la Lusinga na mafuvu ya machifu wengine wawili. Alibeba pia sanamu ya mbao ya Lusinga, yenye urefu wa sentimeta 70 hivi, na akaiweka nyumbani kwake Brussels kati ya mikuki na ngao. Baada ya kifo chake mwaka 1918, mjane wake aliitoa kwa makumbusho ya Tervuren katika miaka ya 1930. Tangu hapo imesafiri kwenye maonyesho na kuchapishwa vitabuni kama moja ya kazi bora za Afrika ya kati. Mmarekani Allen Roberts, aliyeishi kati ya Watabwa katika miaka ya 1970, aliandika kitabu kizima juu ya mauaji hayo, kilichotoka mwaka 2013. Fuvu lenyewe liliwekwa katika taasisi ya sayansi ya asili mjini Brussels, na watu wengi wa Ubelgiji walipata habari zake kwa mara ya kwanza mwaka 2018, gazeti la Paris Match la huko lilipoyaandika. Sanamu ya Storms mwenyewe, iliyosimama katika bustani moja ya manispaa ya Ixelles, iliondolewa Juni 2020.

Na asidhani mtu kwamba biashara ya mafuvu ilikwisha na Storms. Desemba 2022 nyumba moja ya mnada mjini Brussels iliweka kwenye kitabu chake mafuvu matatu ya watu wa Kongo ya wakati wa ukoloni, kwa makadirio ya chini ya euro 1,000. Baada ya kelele nyingi iliyaondoa na kuomba radhi.

Pembeni ya sanamu kuna soko la vitabu, na huko nako Tanganyika ina thamani. Wakusanyaji hutafuta toleo la kwanza la kitabu cha Cameron, "Across Africa", cha mwaka 1877, na cha Stanley cha mwaka 1878. Wote wawili walifika mahali Lukuga inapotokea ziwani, Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, na walibishana kwenye karatasi kama mto ule unatoka au hautoki. Kila mvuvi wa Kalemie ana jibu lake. Joseph Thomson, aliyepita kwa Lusinga mwaka 1879, alichapisha chake mwaka 1881, na humo anamchora sultani huyo kwa rangi mbaya kabisa. Mnunuzi wa toleo la kwanza hulipia jalada la asili na ramani isiyopasuka. Maneno yenyewe yanasomwa bure kwenye intaneti, kwa hiyo mwanafunzi wa Kalemie mwenye simu hana haja ya mnada.

Serikali zimefanya nini? Februari 2022 Ubelgiji iliipa Kinshasa orodha ya vitu vya Kongo 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni mwaka huo Mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakuungu cha Wasuku katika Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa, kwa mkopo usio na mwisho. Neno "mkopo" liliwaudhi wengi. Tarehe 3 Julai 2022 sheria mpya ya Ubelgiji ilifungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, kwa mapatano kati ya serikali na serikali. Sheria hiyo ina mipaka miwili inayohusu jimbo hili moja kwa moja. Haigusi mabaki ya binadamu, maana yake fuvu la Lusinga. Tena inahusu mali iliyo mikononi mwa taifa la Ubelgiji tu. Sanamu ya Lusinga inaweza kuombwa kwa njia hiyo, kiti kilichoko sebuleni kwa mtu Antwerp hakiwezi, na mwenye nacho yuko huru kukipeleka mnadani kesho.

Vilivyobaki vijijini ni vichache, na vita vya miaka ya karibuni kati ya Watwa na Waluba vimechoma nyumba nyingi pamoja na vilivyokuwa ndani. Kwa familia ambayo bado ina kiti, fimbo ya utawala au sanamu, kuna kazi moja isiyo na gharama kubwa. Wataalamu wa makumbusho duniani hutumia mtindo unaoitwa Object ID: picha za pande zote, vipimo, aina ya mbao, alama za pekee kama ufa au sikio lililovunjika, kisha maelezo ya kitu ni cha nini na kinatoka wapi. Simu inatosha kwa picha, na utepe wa fundi cherehani kwa vipimo. Nakala moja ibaki kwa mwenye kitu, nyingine iwekwe mbali naye, kwa ndugu wa mji mwingine au parokiani. Polisi na nyumba za mnada wanaulizwa kila siku kuhusu vitu vilivyoibiwa. Swali lao la kwanza kwa mlalamikaji ni kama ana picha.