Mji wa Mwata Kazembe na Ufuo wa Ziwa Mweru: Somo kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Safari za mafunzo za wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huelekea Kilwa Kisiwani, Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huko mwanafunzi huona misikiti ya mawe, milango ya nakshi na makaburi ya kale. Makala haya yanazungumzia eneo jingine lililomo katika historia ya Kiswahili, ingawa halikuachiwa majengo ya aina hiyo. Eneo lenyewe ni ufuo wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kutoka Nchelenge kuelekea kusini hadi Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe.

Mji mkuu uliokuwa ukihama

Walunda wa Kazembe walitoka katika dola ya Mwaant Yav, huko magharibi, wakavuka mto Luapula karibu mwaka 1740. Mji mkuu wao huitwa musumba. Zamani ilikuwa desturi Mwata mpya kujenga musumba wake mahali papya. Kwa hiyo mji alioufikia Mreno Francisco de Lacerda mwaka 1798, ambako alifariki mwaka huohuo, si ule aliouona David Livingstone mnamo Novemba 1867 karibu na ziwa dogo la Mofwe.

Jambo hili ni muhimu kwa mgeni. Anayetafuta magofu atadhani hakuna historia. Hapa kumbukumbu imehifadhiwa katika mahali na katika matendo. Makaburi ya Mwata waliotangulia yako Lunde, nayo yana watunzaji wake. Katika mto Ng'ona, Mwata hutambikia ndugu wawili, Chinyanta na Kasombola, ambao masimulizi ya Walunda yanasema walizamishwa mtoni. Tambiko hilo hufanyika wakati wa sherehe ya Mutomboko, mwishoni mwa Julai, ambapo Mwata mwenyewe hucheza ngoma ya ushindi akiwa na shoka na upanga.

Watu wa pwani

Livingstone alipofika kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Katika mwaka huohuo wa 1867, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika. Misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu, shaba na watumwa.

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi huko asiwafiche ukweli huu. Tumezoea kufundisha kuenea kwa Kiswahili bara kwa kutaja "biashara" kwa neno moja, kisha tunapita. Ukingoni mwa Mweru, lugha yetu ilifika pamoja na bunduki na minyororo. Leo inasikika tena katika soko la samaki la Kashikishi, safari hii kwa vinywa vya wafanyabiashara wa Kongo. Mambo yote mawili ni historia ya Kiswahili.

Tahadhari nyingine ni kuhusu majina. Ziwani kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na upande wa Kongo upo mji wa jina hilohilo. Mwanafunzi atashawishika kusema kwamba jina lilitoka pwani. Kufanana kwa majina peke yake si ushahidi. Utafiti wa majina huanza kwa kuwauliza wenyeji.

Vitabu viwili vya kusoma kabla ya safari

Kitabu cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichohaririwa na W. H. Whiteley na kutolewa na East African Literature Bureau mwaka 1966. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo za Kiswahili, nacho kinasimulia vita vya Nsama kwa kauli ya mshindi.

Cha pili ni Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichoandikwa kwa Kibemba na Mwata Kazembe wa XIV, Shadreck Chinyanta Nankula. Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza. Humo mwenye mji ndiye anayesimulia. Mwanafunzi akivisoma pamoja, atajionea jinsi nchi zinazopakana zinavyobadilika kufuatana na aliyeshika kalamu.

Adabu za ziara

Kwanza, mgeni apige hodi kwa wasaidizi wa Mwata kabla ya kuzunguka, wala asiende mikono mitupu. Pili, mbele ya Mwata watu huinama na kupiga makofi kwa upole. Tazama wenyeji wanavyofanya, ufuate. Tatu, makaburi ya Lunde ni mahali pa ibada, kwa hiyo usiingie wala kupiga picha bila ruhusa. Nne, jifunze salamu za Kibemba, maana ndiyo lugha ya mawasiliano ya eneo zima. Tano, anayetaka kusikiliza Kiswahili cha wavuvi na wachuuzi asipange safari kati ya Desemba na Februari, kwa kuwa kipindi hicho uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane.

Mwisho, zoezi la kufanya huko. Kila mwanafunzi amwombe mzee mmoja amweleze waungwana wa pwani walikumbukwa kwa jina gani katika familia yake. Aandike neno hilo kama lilivyotamkwa, bila kulitafuna, hata kama haliwasifu Waswahili.