Kusawiri na Kuakisi: Misingi ya Kupiga Picha kwa Watoto wa Madrasa

Tunapenda kueleza jambo ambalo maimamu na walimu wenzetu wamekuwa wakituuliza.

Mzazi mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na simu mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha ya mwanawe wa miaka 13, amesinzia darasani, udenda unamtoka, juzuu imemwangukia miguuni. Aliyeipiga ni mwanafunzi mwenzake wa miaka 12. Picha ilikuwa imezunguka mtaa mzima pamoja na maneno ya kejeli, na mtoto amekataa kurudi chuoni. Walimu tulipokutana, mmoja wetu alitaja hadithi sahihi zinazowaonya vikali wenye kutengeneza sura, akashauri simu zipigwe marufuku na jambo liishie hapo.

Hadithi hizo tunazikubali kichwani na machoni. Lakini tulimuuliza: je, yule mtoto angemchora mwenzake mti badala ya kumpiga picha, kisha akaandika chini yake kejeli zilezile, asingekuwa na kosa? Kosa lililomtoa mwenzake chuoni ni istihzai, yaani kumfanyia mtu dhihaka, na kumchungulia katika hali asiyopenda aonekane nayo. Yote mawili yamekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12. Tukimwambia mtoto kuwa kosa lake ni kamera, atakapoona masheikh wake nao wamepigwa picha atadhani hakuna kosa lolote.

Basi tukaanzisha darsa la Jumamosi kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 14. Umri huo tumeuchagua kwa makusudi, kwa kuwa ndipo kalamu inapokaribia kuanza kuwaandikia.

Somo la kwanza halina kamera. Tulifunga madirisha ya darasa, tukaziba kila upenyo kwa mablanketi na maboksi, tukaacha tundu moja dogo linaloelekea barabarani penye jua, kisha tukatundika shuka jeupe mbele yake. Macho yalipozoea giza, watoto waliiona barabara juu ya shuka, baiskeli zinapita matairi juu, watu vichwa chini. Mmoja alitoka mbio nje kuhakikisha kama watu wamesimama sawasawa!

Chumba hicho ndicho alichokieleza mwanachuoni wetu Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kufariki Cairo takriban mwaka 1040. Alitumia ibara ya *al-bayt al-muzlim*, nyumba yenye giza. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu moja, akaona kila taa inatoa doa lake la nuru upande wa pili. Akiifunika taa moja, doa lake pekee hutoweka. Kwa hiyo nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, na miali inayopishana tunduni haichanganyiki. Sisi tulitumia mishumaa mitatu, na watoto wakajionea wenyewe.

Hapa tuna nasaha kwa wahubiri. Husemwa mimbarini kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyevumbua kamera, na kwamba neno lenyewe limetokana na Kiarabu "qumra". Yote mawili si sahihi. Tundu na taswira yake vilijulikana kabla yake, kwa Wachina na Wayunani. Yeye alilipima jambo hilo na kulichunguza kwa majaribio. Neno kamera ni la Kilatini, maana yake chumba. Fadhila za mtu huyu zinatosha bila kuongezewa chumvi.

Baada ya kuiona barabara juu ya shuka, ndipo tulipowafungulia watoto mlango wa fiqhi. Kiswahili chetu kimerithi maneno mawili ya Kiarabu: kusawiri, kutokana na *sawwara*, kuunda sura, na kuakisi, kutokana na *aks*, kurudisha taswira kama kioo au maji yaliyotulia. Tuliwauliza: nani amewachora wale watu kwenye shuka? Wakajibu, hakuna.

Jibu hilo ndilo kiini cha ikhtilafu ya wanazuoni. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 na kufariki mwaka 1935, aliandika risala akijuzisha picha za kamera, kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, si kuunda kiumbe. Sheikh Ibn Baz, aliyefariki mwaka 1999, aliona kuwa makatazo yanaenea kwenye picha hizi pia, isipokuwa penye dharura. Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alitoa mfano wa maandishi yanayonakiliwa kwa mashine: hati hubaki kuwa ya aliyeandika. Hata hivyo akasisitiza kuwa hukumu hufuata makusudio ya mpigaji. Sisi tunaegemea kauli ya kujuzisha kwa sharti hilo, na mtoto ambaye mzazi wake anafuata kauli ya Ibn Baz hupiga picha za majengo, miti na bahari. Hakuna wa kumdharau mwenzake.

Ufundi wenyewe si mgumu. Picha ni nuru inayopimwa kwa njia tatu: upana wa tundu, muda linapobaki wazi, na wepesi wa kifaa kuihisi nuru. Ukilifungua tundu kwa nusu ya muda, yaani sehemu moja ya 250 ya sekunde badala ya moja ya 125, nuru inayoingia ni nusu. Katika simu nyingi tundu halibadiliki, hivyo hubaki mambo mawili.

Funzo lililowafurahisha zaidi lilihusu kanzu. Kamera hukisia kuwa vilivyo mbele yake si vyeupe wala vyeusi, ni vya wastani. Ukipanga safu ya vijana wenye kanzu na kofia nyeupe, inadhani nuru imezidi, inaipunguza, na nyuso zinatoka nyeusi tii bila macho. Dawa yake ni kupima nuru usoni: katika simu nyingi gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Tena waweke watu kivulini, karibu na mwangaza, si jua la adhuhuri utosini. Ndiyo maana picha nyingi za Maulidi huharibika, wala si ubovu wa kamera.

Idhini huombwa kabla ya kupiga na tena kabla ya kupeleka kwa mwingine, kwani aliyekubali kupigwa hakukubali kusambazwa. Tumeikisia adabu hii na ile ya kubisha hodi iliyomo katika Suratun Nur, aya ya 27. Wasichana hufundishwa na mwalimu wao wa kike.

Katika darsa la nne, yule wa miaka 12 aliuliza: "Ustadhi, mimi nimeshaifuta kwenye simu yangu. Toba yangu imetimia?" Tukamkumbusha kuwa haki ya mja hairudi kwa kuomba maghfira peke yake. Akafuatana na baba yake nyumba kwa nyumba, wakaomba ifutwe. Simu nane zilipatikana. Mwenye ya tisa amesafiri, na mtoto anamsubiri.